Njia za vumbi na misitu kuzunguka Moshi: hesabu mabonde kabla ya kilomita

Swali: "Shikamoo mwalimu. Naishi Majengo, Moshi. Kaka yangu ameniachia baiskeli ya changarawe, zile zenye usukani uliopinda za mashindano lakini matairi mapana. Matairi ni ya milimita 40, ina gia na breki za diski. Nimekuwa nikipita barabara kuu kuelekea Boma Ng'ombe, ila malori na mabasi yananitisha. Natamani njia za vumbi zinazopita msituni, za kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Siku nyingine ningependa kwenda na binti yangu wa miaka 13, ana baiskeli ya kawaida ya gia. Majuzi nilijaribu kukata kutoka Kibosho kwenda Uru kwa sababu kwenye simu ilionekana karibu, nikaishia kusukuma baiskeli. Nianzie wapi, na nijiandae vipi?"

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nianze na hiyo safari ya Kibosho na Uru, maana ukiielewa hiyo umeelewa karibu kila kitu kuhusu kuendesha baiskeli upande huu wa mlima.

Mteremko wa kusini wa Kilimanjaro umekatwakatwa na mito inayoshuka kutoka msituni kwenda tambarare. Ukitoka Boma Ng'ombe kuja mjini kwa barabara kuu unavuka Kikafu, kisha Weruweru, kisha Karanga. Upande wa pili wa mji kuna Rau. Kwenye lami madaraja yanakurahisishia, unapita bila kufikiria. Kule juu mambo ni mengine: kila mto umejichimbia bonde refu, na kati ya bonde na bonde kuna kigongo ambapo watu wamejenga, wakapanda migomba na kahawa, wakapitisha barabara yao. Tandaza mkono wako mezani uangalie vidole. Kimoja ni Machame, kinachofuata Kibosho, kisha Uru, kisha Old Moshi. Barabara nyingi zinapanda kidole na kushuka kidole hichohicho. Wewe ulitaka kuruka kutoka kidole hadi kidole, kwa hiyo ulishuka bonde la Karanga na kulipanda tena upande wa pili, kwa njia iliyokanyagwa na watembea kwa miguu. Hukushindwa kwa udhaifu. Simu ilikuonyesha umbali, haikukuonyesha kina.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza njia ina kilomita ngapi, uliza inavuka mabonde mangapi. Njia ya tambarare isiyovuka bonde hata moja inamfaa karibu kila mtu, hata ikiwa na kilomita 30. Inayovuka moja ni mazoezi ya asubuhi nzima. Mabonde mawili ni kazi ya kutwa, na hapo uwe umeshazoea.

Jambo la pili ni maji, kwa sababu misitu yetu inafuata maji. Mvua nyingi ya Kilimanjaro huangukia ukanda wa msitu wa mlimani, ambako upande huu wa kusini hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Sehemu ya mvua hiyo inateremka kwa mito tunayoiona. Sehemu nyingine inazama ndani ya miamba ya volkano, inasafiri chini ya ardhi na kutokeza tena kwenye tambarare kavu: Njoro, Rau, Miwaleni, Chemka. Pale inapotokeza, msitu unaota hata kama mvua ya mahali penyewe ni kidogo. Ndiyo maana sisi wa Moshi tuna misitu ya aina mbili, wa juu na wa chini. Wa chini hauna bonde la kuvuka. Anzia huko.

Msitu wa Rau uko kilomita kama 3 tu kusini mashariki mwa katikati ya mji, na una ukubwa wa hekta zipatazo 570. Watu wamezaliwa Pasua na Njoro wakakua bila kuingia humo hata mara moja, na hilo linanisikitisha, kwa sababu sijui mji mwingine wa ukubwa wa Moshi wenye msitu wa namna hii mlangoni pake. Ni msitu unaoishi kwa maji ya chini ya ardhi. Ukiingia tu, joto la mji linakatika. Kuna mivule, kuna mikuyu yenye mizizi iliyosimama juu ya ardhi, na kuna msoo, mti mrefu mno unaopatikana sehemu chache tu za Tanzania na Kenya. Waombe waongozaji wakupeleke kwenye msoo mkubwa wanaouenzi, halafu simama chini yake na binti yako mwangalie juu. Mbega wako wengi, wale weusi wenye joho jeupe, na kima pia. Mkienda mapema, kabla ya saa mbili asubuhi, mtawaona wakiruka juu ya njia.

Njia za ndani ni tambarare, nyingine pana za kupita gari, nyingine nyembamba zenye majani makavu na mizizi. Tairi la milimita 40 linazimudu vizuri, na baiskeli ya binti yako pia. Msitu uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, kwa hiyo kuna kiingilio. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali na udai risiti. Usimpe mtu fedha mkononi kwa sababu tu amevaa fulana ya kijani. Mara ya kwanza chukua mwongozaji wa pale, hata kama unajiona mwenyeji. Njia zinagawanyika sana, na vijana hawa ndio wanaojua ni ipi imejaa maji wiki hiyo.

Ukishatosheka na kivuli, usirudi mjini kwa njia uliyokuja nayo. Tokea upande wa mashamba ya mpunga. Hapa ndipo raha yenyewe ya changarawe inapoanza. Mashamba haya ni ya mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987, na kando ya mifereji yake zimetengenezwa barabara za kuhudumia mashamba. Zimenyooka, hazina malori ya masafa marefu, na ukiamka mapema unakiona kilele cha Kibo chote nyuma ya mpunga. Unaweza kuunganisha Mabogini, ukapita kando ya mifereji hadi Chekereni, kisha ukageuza kurudi. Mzunguko mzima kuanzia nyumbani kwako utakuwa kilomita kama 30, kutegemea umezunguka vipi ndani ya msitu. Hakuna kilima cha kukutoa jasho. Kwa mtu anayejifunza kukaa na baiskeli kwa saa tatu mfululizo, sina njia nyingine ninayoipendekeza kuliko hii.

Nikuonye mambo machache ya huko chini. Udongo wa mashambani ukilowa unanata: unajaa kati ya tairi na uma mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Mvua ikinyesha usiku, baki kwenye barabara zilizomwagwa changarawe. Msimu wa kupanda na wa kuvuna kuna matrekta na watu wengi wenye mizigo kwenye kingo za mifereji; shuka, pisha, salimia. Yule ana kazi, wewe umekuja kutembea. Na popote utakapovuka reli, simama uangalie pande zote mbili. Tulizoea miaka ile reli ilipolala, lakini treni zimerudi, na bado naona watu wanavuka na masikio yameziba kwa muziki.

Zungukia Rau na Chekereni mpaka uone mwili umezoea. Baada ya hapo nenda Uru.

Barabara ya Uru kwenda Materuni inapanda kigongo kimoja tu. Mjini uko kwenye mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari. Materuni ni zaidi ya mita 1,500. Umbali ni kilomita kama 15, kwa hiyo unapanda mita 700 au zaidi bila mapumziko ya maana. Hutakuwa kwenye msitu wa hifadhi hapa, utakuwa ndani ya vihamba, yale mashamba ya familia za Wachaga yanayozunguka nyumba. Lakini kihamba chenyewe ni msitu wa aina yake: juu mikuyu na miti mingine mirefu iliyoachwa makusudi itoe kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi na majani ya ng'ombe. Mifereji ya zamani ya Wachaga, mifongo, inapita kando ya barabara na bado inafanya kazi. Unapanda ukiwa kivulini karibu njia nzima, na sehemu za vumbi zina udongo mwekundu ulioshindiliwa vizuri.

Panda kwa gia ndogo kuliko unavyodhani unahitaji. Kipimo changu ni hiki: kama huwezi kumjibu mzee anayekusalimia kwa sentensi nzima, umeweka gia kubwa mno. Angalia meno ya baiskeli yako. Kama gurudumu la meno la mbele (lililo dogo zaidi, kama yako mawili) lina meno 40, basi la nyuma lililo kubwa kuliko yote liwe na meno 40 au zaidi. Likiwa na 32 au 34, mwone fundi akubadilishie kabla ya Uru, si baada. Magoti hayabadilishwi kwa fundi.

Juu kuna maporomoko ya Materuni, yenye urefu wa mita zipatazo 80, na njia ya mwisho ni ya miguu. Lipia kijijini, acha baiskeli mahali pa kuaminika, tembea. Usijaribu kuipitisha ile njia ya kando ya korongo ukiwa juu ya baiskeli.

Kushuka ndiko kunakohitaji akili zaidi. Watu wengi wanaogopa kupanda, ilhali ajali hutokea wakati wa kushuka, mtu akiwa amefurahi. Weka mikono sehemu ya chini ya usukani uliopinda, kwa sababu hapo vidole vinafikia breki vizuri na uzito wako unashuka. Sogeza makalio nyuma. Usibane breki mfululizo kutoka Materuni hadi Rau Madukani. Diski zinapata moto na nguvu ya breki inapungua. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, ziache zipoe, bana tena. Kwenye kona za vihamba huoni mbele, na bodaboda anayepanda na magunia ya ndizi hana pa kukwepea. Mwendo wa kushuka uwe ule ambao unaweza kusimama ndani ya sehemu unayoiona.

Sasa msitu wenyewe wa mlimani. Kwa baiskeli, pa kuuonja kwa siku moja ni upande wa Kibosho, kupanda hadi lango la Umbwe. Ni chini ya kilomita 20 kutoka mjini na unabaki kwenye kigongo kimoja kama ukienda na kurudi kwa njia moja. Ukikaribia lango migomba inakwisha, hewa inabadilika, miti inaota ndevu za kuvu na mbega wanaanza kuita. Hapo ndipo mwisho wako. Msitu wa juu uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, na kuingia bila kibali ni kosa, uwe kwa miguu au kwa magurudumu. Kuna njia ya Kilema ambayo hifadhi imeitenga kwa baiskeli za mlimani, lakini ile ni safari ya kupangwa, yenye waongozaji na ada za hifadhi, tuiache kwa leo.

Pia utaona kwenye ramani ukanda mwembamba kati ya vijiji na hifadhi. Ni ukanda wa nusu maili, ulioanzishwa mwaka 1941 ili wananchi wa vijiji vya juu wapate kuni na majani. Vijia vyake vinavutia sana kwa macho ya mwendesha baiskeli. Nakusihi usiviingie bila kuongea na ofisi ya kijiji na askari wa misitu. Wanakijiji wenyewe wanabanwa na masharti ya kuingia humo; si vizuri mgeni wa mjini apite anavyotaka pale ambapo mama wa kijijini anasimamishwa na mzigo wake wa majani.

Ukitaka kilima kifupi kuliko Uru, kuna barabara ya Kiboriloni kupanda Kidia, Old Moshi. Sehemu kubwa ni lami, kwa hiyo si changarawe hasa, ila naipenda kwa sababu ya historia. Huko ndiko kwa Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900 pamoja na viongozi wengine. Mpeleke binti yako akasikie habari hizo kwa wazee wa pale pale.

Kuna mahali pamoja ambapo ningekupeleka kama zawadi baada ya miezi kadhaa ya mazoezi: West Kilimanjaro. Weka baiskeli juu ya gari hadi Sanya Juu, na kutoka hapo upande hadi kwenye shamba la miti la TFS. Huko kuna misonobari na misaiprasi iliyopandwa kwa safu, na barabara zilizochongwa kwa ajili ya magari ya magogo, ambazo ndizo changarawe halisi unayoiota: pana, yenye mteremko wa taratibu, yenye kona za kuonekana. Mabonde ya kukata pumzi hayapo kama upande wetu, kwa sababu upande ule ni mkavu zaidi na mito yake haikuchimba kiasi hiki. Lakini ripoti ofisini kwa shamba kwanza, uulize wanavuna kitalu gani siku hiyo, maana gari lililobeba magogo haliwezi kusimama ghafla kwenye mteremko. Uliza pia habari za tembo. Eneo lile linapakana na mapito ya Kitendeni, wanayotumia wanyama kati ya Amboseli na mlima. Wenyeji wakisema wamepita jana usiku, ahirisha. Kamwe usiende huko peke yako.

Chemka utaambiwa na kila mtu. Maji yake ni mazuri kweli, ila njia ya kutoka Boma Ng'ombe wakati wa kiangazi ni vumbi laini linalozamisha gurudumu la mbele, magari ya watalii yanakupita yakikuachia wingu, na kivuli ni kile tu cha miti inayozunguka chemchemi. Nenda na daladala, uogelee. Mashamba ya miwa ya TPC nayo yana barabara nzuri sana za ndani, lakini ni mali ya kampuni. Bila ruhusa yao usipite.

Kuhusu majira: Januari na Februari, kisha kuanzia Julai mpaka Oktoba, ndiyo miezi ya kupanga safari ndefu. Masika, Machi hadi Mei, udongo mwekundu wa vihambani unateleza kiasi kwamba hata mwenye baiskeli ya mlimani anatembea. Usilazimishe. Si usalama wako tu. Tairi linalopita kwenye tope laini linaacha mfereji, maji yanaufuata, na wiki ijayo njia ya watu imekuwa korongo. Mvua kubwa ikinyesha, wape wenye njia yao siku mbili tatu ikauke. Masika yakikolea, pumzika au utunze baiskeli. Juni ni baridi na mawingu, mlima huuoni, lakini vumbi ni kidogo na mimi naupenda mwezi huo.

Sasa baiskeli yako. Kitu cha kwanza, angalia ncha ya kujazia upepo. Baiskeli nyingi za aina hii zina ncha nyembamba yenye kifunguo kidogo juu, ambayo pampu za mafundi wetu na kompresa za kwenye vituo vya mafuta haziikamati. Tafuta adapta ya shaba, ni kitu kidogo kuliko kifundo cha kidole, uifunge kwenye ncha na uiache hapohapo. Bila hiyo utapata pancha Chekereni, fundi atakuwepo, pampu itakuwepo, na bado utasukuma hadi nyumbani.

Upepo usijaze mpaka tairi liwe gumu kama ulivyozoea kwenye lami. Kwa mtu wa uzito wa kawaida, tairi la milimita 40 lenye tyubu linataka psi 35 hadi 40 (psi ni kipimo cha upepo kinachosomeka kwenye pampu). Nyuma zidisha kidogo kuliko mbele. Tairi laini kiasi linashika changarawe na linaokoa viganja vyako. Ila usishuke sana, kwa sababu jiwe likigonga tyubu dhidi ya rimu linaipasua pande mbili kwa mpigo. Tambarare kuna miiba ya migunga, basi beba tyubu mbili, viraka, solusheni, vibanio vya kutolea tairi na pampu ya mkononi. Na ujizoeze kutoa gurudumu la nyuma nyumbani, mchana, ukiwa huna haraka. Maji beba lita 2. Chakula usijisumbue sana. Ndizi mbivu zipo kila njia panda, na mtori Uru utaupata.

Mwanamke akiwa peke yake njiani, nitasema wazi: Rau nenda na mwongozaji, Uru na Kibosho nenda asubuhi ya siku ambayo watu wako barabarani, siku ya soko au Jumapili wanapoelekea kanisani. Mwachie mtu nyumbani jina la njia na saa ya kurudi. Simu iwe na chaji, lakini kwenye mabonde mtandao hukatika, kwa hiyo pakua ramani kabla ya kuondoka. Vijia vinavyokatiza vihamba ni uani kwa watu. Shuka, piga hodi, mwamkie mwenye nyumba. Hakuna aliyewahi kuninyima njia baada ya shikamoo ya kweli.

Kwa binti, baiskeli ya kawaida inatosha kabisa kwa Rau na kwa mifereji. Hakikisha tu kiti kimepandishwa hadi mguu unanyooka karibu wote pedali ikiwa chini, maana watoto wengi huendesha viti vikiwa chini mno na magoti yanawauma ndani ya nusu saa. Kisha angalia vidole vyake kwenye breki. Kama havifiki vizuri, kwenye mikono mingi ya breki kuna skrubu ndogo kando, karibu na usukani. Ikaze taratibu mkono wa breki utasogea karibu. Hakikisha baada ya hapo breki bado inakamata kabla mkono haujagusa usukani. Ikigusa, fundi avute waya kwanza ndipo mwende.